Kiti cha printi au kujitegemea? Kwa dizaina wa Arusha na Moshi ambaye bado anasita

Juzi chalii mmoja wa Sakina kanitumia meseji saa sita usiku, "kaka nimeitwa kazini kwenye printi moja hapo mjini, 350,000 kwa mwezi, niende au niendelee na mishe zangu?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika kumi na moja nikaifuta. Bora niandike tu, maana hili swali naulizwa sana na kila anayeuliza anataka neno moja, nenda au usiende, na mimi neno moja sina. Nilikaa miaka minne kwenye kiti cha printi Arusha, yaani dizaina wa kuajiriwa kwenye duka la uchapaji, upande wa Sokoine Road, afu sasa huu ni mwaka wa tano najitegemea Moshi, chumba kimoja, meza, laptopu, feni na dumu la maji. Kote nimekula na kote nimelia, kwahiyo siji hapa kuuza upande wowote, japo utaona ninapoegemea.

Tuanze na hela maana najua ndo kitu cha kwanza unachotafuta.

Kwenye kiti 350,000 ni 350,000, mvua inyeshe jua liwake, ila soma inakuja na nini. NSSF kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, kawaida nusu unakatwa wewe nusu anatoa mwajiri, na usikubali tu kuambiwa "tunakuwekea", omba namba yako ya uanachama uangalie mwenyewe kama michango inaingia. Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, zikizidi hapo unalipwa moja na nusu, na likizo siku 28 kwa mwaka. Pale nilipokuwa mimi ovataimu ya msimu ilikuwa chipsi na soda, na tulikuwa tunazipokea kwa furaha kabisa, tunatoka saa nne usiku tunaona bosi ana roho nzuri. Sikuwa nimeisoma hiyo sheria. Wewe umeisoma sasa.

Huku kwangu hela haina tabia. Mwezi wa kumi na mbili mmoja nilipata zaidi ya mara tatu ya mshahara wangu wa zamani, nikanunua kiti cha kuzunguka na nikatembea Moshi mjini kama diwani. Mwezi wa nne uliofuata nilipata elfu themanini, na humo elfu thelathini ilikuwa deni la mteja wa mwaka jana. Afu kuna vitu ambavyo ukiwa umeajiriwa hata huvioni, luku, bando, UPS maana umeme ukikatika faili limeenda, hadi diski ya pili ya kutunzia kazi. Programu za kulipia kwa mwezi ndo hizo zinakata kwa dola, na wengi wetu tunajua tunachotumia, mi sio polisi, ila Inkscape, programu ya kuchorea, ni ya bure na logo inatoka vizuri tu. Ukifanya kazi na kampuni watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo yako, usinune, dai cheti chake ukitunze, hiyo ni hela yako TRA wakija kupiga hesabu.

Ila hela sio kitu kilichonifundisha tofauti ya hivi viti viwili. Kilichonifundisha ni brosha.

Kwenye kiti, brosha la safari lilikuwa linanifikia hivi: karatasi ndogo kutoka kaunta, imeandikwa "brosha, kukunja mara tatu, kijani, simba, 1,000, kesho saa nne". Basi. Mteja simjui, simuoni, sijui anapeleka watu wapi. Nyuma yangu kuna mwanafunzi anasubiri kubaindi ripoti, kuna baba anataka muhuri, kuna dada kaja na picha ya paspoti ambayo anataka aonekane hajalia. Mchakato wa ubunifu hapo usiutafute, unafungua faili la mwaka jana la kampuni nyingine, unatoa twiga unaweka simba, unabadilisha namba za simu, dakika arobaini imeisha. Ukipita mitaa ya Mnara wa Saa uangalie logo za kampuni za utalii utaona mti wa mgunga, jua jekundu na mnyama mmoja kwa mbele, unadhani dizaina ni mmoja. Sio mmoja, ni sisi wote tuliokuwa na dakika arobaini.

Sasa usije ukasema kumbe kiti hakina maana. Pale pale, kwenye hiyo hiyo kelele, kulikuwa na mzee wa mashine ya ofseti. Siku moja nimempelekea kijani kimoja kikali, kwenye skrini kinang'aa kama jani limetoka kunyeshewa, akachapa kopi ya kwanza ikatoka kama mchicha wa jana. Nikasema mzee wino umechoka. Akaniangalia juu ya miwani, "Kijana wangu, kwako huko ni taa. Mimi hapa nina wino." Hapo ndo nilipoielewa RGB, rangi za skrini, na CMYK, rangi za wino, niliwahi kuisoma mtandaoni mara kumi nikawa naitikia tu. Skrini inatoa mwanga, mashine ina rangi nne za wino juu ya karatasi, na kuna kijani na bluu ambazo hizo nne haziwezi kuzifikia hata ufanyeje.

Na ni huyo huyo aliyenionyesha kwamba A4 ya milimita 297 ukitaka kuikunja mara tatu huigawi 99 kwa 99 kwa 99. Ile kurasa inayoingia ndani lazima iwe nyembamba kidogo, 100, 100 na 97, la sivyo inagonga kwenye mkunjo na brosha linavimba kama chapati. Kwamba unaachia milimita 3 kila upande za kukatwa. Kwamba karatasi nzito ukiikunja bila kuikandamiza mstari wa mkunjo kwanza rangi inapasuka kwenye mkunjo, inakuwa mstari mweupe katikati ya uso wa simba. Kwamba herufi nyeupe ndogo juu ya rangi nzito iliyochanganywa na wino nne zinaziba, mteja anasoma "Serengeti" kama doa. Haya mambo nimekutana na madizaina wa miaka sita wa kujitegemea hawayajui, wanatuma printi faili la Canva, ile programu ya kudizaini mtandaoni, na wakiletewa kazi mbaya wanailaumu printi. Canva ipo tangu 2013 na siichukii, mama yangu mwenyewe anaitumia kwa kikundi chao cha vikoba, ila haiwezi kukuambia wino wa mashine ya pale mtaani kwenu unafanya nini juu ya karatasi ile ya bei rahisi.

Sasa brosha la pili. Mwaka wangu wa pili Moshi, kampuni ndogo ya kupandisha watu mlimani, mwenyewe alianza kama mpagazi, akawa mwongoza wageni, akafungua ofisi yake. Anataka kwenda kwenye maonesho ya utalii ya Karibu-KILIFAIR mwezi wa sita. Tumekaa tunakunywa chai, nikamuuliza maswali matatu tu ninayouliza siku zote: nani atalishika hili brosha, atakuwa amesimama wapi akilishika, na unataka afanye nini akishalisoma. La tatu wateja wengi hawana jibu, wanasema "awe amependa". Akaanza kuongea, sikumkatiza. Akasema wageni wanamuuliza vitu viwili kuliko vyote, siku ngapi, na nitaweza kweli? Akaniambia habari za mizigo ya wapagazi kupimwa kwenye mizani getini, kilo 20 mwisho, na jinsi zamani alivyokuwa anabeba kabla hayo mambo hayajafuatiliwa. Saa nzima hakutaja simba hata mara moja. Simba wa nini Kibo?

Nikarudi nyumbani sikufungua laptopu. Nikakunja karatasi mara tatu, nikachukua penseli, nikachora mstari mmoja unaoanza geti la Machame kwenye kama mita 1,800, unapanda siku kwa siku, unavuka mkunjo wa kwanza, unavuka wa pili, mpaka Uhuru mita 5,895 juu kabisa kona ya mwisho. Yaani unavyolifungua brosha unapanda. Na mstari usikatike kwenye mikunjo inabidi ujue ile 100, 100, 97. Umeona? Wazo alinipa yule baba kwenye chai, ila bila mzee wa mashine lingebaki wazo, mstari ungeruka kwenye mikunjo na ungekuwa uchafu.

Hiyo ndo tofauti ninayoijua mimi. Kiti cha printi kinakupa mashine na kinakunyima mteja, kujitegemea kunakupa mteja na mashine unaisikia kwa simu. Kazi nzuri inahitaji vyote viwili kichwani mwa mtu mmoja. Kwahiyo kabla hujauliza kipi bora, angalia wewe umekosa kipi.

Afu nisikufiche, lile brosha lilikula siku tisa, masahihisho mara tano, karibu yote kwa voisi za usiku zenye kelele za baa nyuma, na nililipwa 180,000 kwa mafungu matatu, la mwisho baada ya maonesho kwisha. Ukipiga hesabu kwa siku inazidi kiti kidogo, ila kwenye kiti, kwa kazi mbaya zaidi, nilikuwa nalala. Watu wanapenda kusimulia habari ya yule mwanafunzi wa Marekani, Carolyn Davidson, aliyechora alama ya Nike mwaka 1971 akalipwa dola 35, wanacheka. Mi naisoma tofauti, alikuwa analipwa kwa saa, dola 2 kwa saa, na kwa saa alizofanya hesabu ilikuwa sawa kabisa. Kampuni ilikuja kumpa hisa miaka mingi baadaye kwa hiari yake. Kwenye kiti unauza saa, hata ukitoa logo ambayo kampuni itaitumia miaka ishirini wewe mwezi huu ni ile ile 350,000. Ukijitegemea unaweza kuuza matumizi, ukasema hii ni ya duka moja la Kiboriloni bei hii, hii ni ya hoteli yenye matawi bei nyingine, ila unaweza tu kama una mdomo wa kusema hivyo mbele ya mtu aliyekuzidi umri na anakuita "mwanangu". Mi ilinichukua miaka miwili kuupata huo mdomo.

Makosa nayo yana bei tofauti. Kwenye kiti niliwahi kugeuza tarakimu mbili za namba ya simu, biznesi kadi 1,000 zikatoka na simu ya mtu mwingine kabisa, nikakatwa kwenye mshahara miezi miwili. Iliuma, nilikula mlo mmoja. Huku mtaani kosa kama lile ukilifanya unalipa uchapaji wote na mteja unampoteza na shemeji yake pia, maana Moshi mji ni mdogo, kesho unamkuta kanisani. Dawa ni moja kote kote: mteja aione kazi ya mwisho, aandike "sawa, chapeni", kwa meseji sio kwa mdomo, na namba za simu zipigwe kabisa kabla ya kuchapa. Ipige, isikie inaita.

Masahihisho. Kwenye kiti mteja anasimama nyuma yako ananyooshea skrini kidole chenye mafuta ya maandazi, "kuza logo, kuza tena", na huwezi kusema hapana maana bosi anakuangalia. Huku naandika mapema, masahihisho matatu yamo kwenye bei, la nne linalipiwa. Nusu ya hela mbele, bila hiyo hata penseli siinui. Wapo wanaokimbia, waache wakimbie.

Kuhusu misimu, mtu wa Arusha anaifahamu. Wageni wanajaa kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, afu tena kuanzia Krismasi mpaka Februari, na mwezi wa nne na wa tano masika yakikolea kampuni zinafunga nusu ya ofisi. Printi za Arusha mjini zinaendeshwa sana na huo upepo. Moshi ina wake, mwisho wa Februari kuna Kilimanjaro Marathoni, tisheti na mabango, na Desemba Wachagga wote wanapanda nyumbani na kila familia ina kipaimara, harusi, shukrani au vyote vitatu wiki moja. Kadi siku hizi nyingi zinaishia WhatsApp, hazichapwi, kwahiyo printi inakosa na dizaina wa nyumbani anapata. Hilo wenye printi hawalipendi.

Na kuna kazi moja ambayo hakuna aliyenionya. Ratiba za mazishi. Mtu amefariki Dar, mwili unafika kesho, maziko keshokutwa nyumbani huko Kibosho au Rombo, na saa tatu usiku simu inaita, ni mtoto wa marehemu, "kaka tunahitaji vitabu 300 vya ibada asubuhi". Picha wanayokutumia ni ya harusi ya 1998, marehemu yuko mstari wa tatu, nusu ya uso imefichwa na kofia ya shangazi. Unakaa usiku unamtoa mtu kwenye kivuli cha kofia taratibu, unamrudishia sikio, unasoma wasifu wake, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameacha watoto wangapi, unakuta majina ya wajukuu yameandikwa tofauti mara mbili na inabidi umpigie mfiwa saa saba usiku kumuuliza Glory ana y au i. Kwenye kiti hizi kazi nilizifanya pia, kumi kwa mwezi, sikumbuki hata moja. Hapa nyumbani nazikumbuka nyingi. Sijui niiweke upande wa faida au hasara. Bei yake huwa siongezi kwa ajili ya usiku, na sijawahi kudai nusu mbele kwa mfiwa, na nimeshalizwa mara mbili kwa hilo na bado sijabadilika.

Wateja wa nje, wengi mnaulizia. Fiverr, lile soko la kazi za mtandaoni, inakata asilimia 20, gigi ya dola 50 inabaki 40 kabla hujaanza kuitoa huko na kuibadilisha. Mteja wa New York akisema tuongee saa tisa alasiri yake, kwako ni saa nne au saa tano usiku inategemea na majira yao. Inawezekana, najua wanaoishi kwa hiyo, ila usiache kiti kwa ajili ya hiyo tu kabla hujapata mteja wa kwanza anayerudi mara ya pili.

Kuna kiti cha tatu, kuajiriwa ndani ya kampuni ya utalii au hoteli kama dizaina wao. Mshahara mara nyingi unazidi wa printi, unafanya mtindo mmoja kila siku, posti za Instagram asubuhi, menyu mchana, na baada ya mwaka ukiona tembo unafumba macho. Mzuri kwa mtu mwenye familia. Masika yakiwa mabaya dizaina ni kati ya wa kwanza kuambiwa wapumzike kidogo.

Haya, sasa wewe. Kama hujawahi kusimama pembeni ya ofseti ukaona kazi yako inatoka mbaya na ukaelezwa kwanini, nenda kwenye kiti, hata hiyo 350,000 chukua, ila nenda na tarehe ya kuondoka kichwani, msimu mmoja wa juu na Desemba moja vinatosha. Asubuhi fika mapema ukae na watu wa mashine, wanunulie chai, hao ndo chuo. Kama tayari unajua mashine na una wateja watatu wanaokupigia bila wewe kuwapigia, hicho kiti kitakurudisha nyuma, baki nyumbani uongeze bei. Kama huna mashine na huna wateja ila una laptopu nzuri na kozi za YouTube, samahani, hiyo bado sio mishe.

Chalii wa Sakina nilimuuliza ana wateja wangapi wanaorudi. Akasema mmoja, mjomba wake. Anaanza Jumatatu. Nimemwambia kabla hajasaini aulize kosa likitokea nani analipa, na abebe flashi yake mwenyewe, maana za pale zote zina virusi.